Daftari la Maji Nililolifuta

Mwezi wa Oktoba 2025 nililifuta daftari la maji la kijiji chetu hapa Bidbid. Hakuna aliyeliiba, umeme haukukatika, wala kompyuta haikuingiwa na virusi. Amri niliiandika mwenyewe, kitufe nikakibonyeza mwenyewe, na jibu likaja kwenye skrini kwamba kazi imefanyika. Baada ya hapo nikafanya kosa kubwa kuliko hilo. Nilinyamaza, nikajaza mapengo kwa kumbukumbu zangu, nikawapa watu karatasi niliyoitunga huku wakiamini ndiyo ile ile waliyoizoea. Watu wa kijiji nimeshawaeleza. Lakini jambo hili limewagusa na walio mbali na hapa, na wao pia wana haki ya kulisikia kwangu.

Ukitoka Muscat kuelekea Nizwa, barabara inaingia kwenye pengo la Sumail, katikati ya milima, na hapa Bidbid ndipo inapogawika: moja inaendelea Nizwa, nyingine inashika njia ya Ibra mpaka Sur. Magari yanapita usiku na mchana, na wengi wa waliomo hawashuki. Chini ya barabara kuna wadi, yaani bonde linalopitisha maji ya mvua, kuna mitende, mindimu, na vijiji ambavyo uhai wake ni falaji. Falaji ni mfereji uliochimbwa kuyafuata maji tangu kwenye chimbuko lake, ukateremshwa kidogo kidogo mpaka mashambani, bila pampu wala injini. Oman nzima zimebaki kama 3,000 zinazofanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika Urithi wa Dunia, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa. Yetu haimo katika hizo tano. Ni ndogo, watalii hawaijui, na mitende yetu yote inakunywa kutoka humo.

Maji ya falaji hayapimwi kwa ndoo. Yanapimwa kwa wakati. Kipimo chetu ni athar, ambayo ni nusu saa ya maji yote ya mfereji kuelekezwa kwenye shamba lako. Zamani mchana walitazama kivuli cha kijiti na usiku wakatazama nyota. Siku hizi kila mtu ana saa. Mtu anaweza kumiliki athar tatu, mwingine robo athar, na haki hiyo hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, huwekwa wakfu kwa msikiti. Nyingine huingizwa mnadani kila mwaka ili pesa zake zitengeneze mfereji. Kuna wakili wa falaji anayesimamia yote, kuna arif anayegawa zamu, na kuna dalali wa mnada. Na lipo daftari. Bila daftari, hakuna anayeweza kusema kwa hakika maji ya saa nane za usiku wa Jumanne ni ya nani, na hapa watu wameshawahi kukosana mpaka vizazi viwili kwa sababu ya robo athar.

Daftari hilo lilikuwa kwangu.

Naomba nieleze lilinifikiaje, kwa sababu hapo ndipo ulipo mzizi wa kunyamaza kwangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Wazee wa mama yangu ni watu wa kijiji hiki, walivuka kwenda Zanzibar kama walivyovuka wengi wa bara ya Oman. Baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964 ukoo ulitawanyika, na Sultani Qaboos aliposhika nchi tarehe 23 Julai 1970 na kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa nje, sisi tukawa miongoni mwa waliorudi miaka ya sabini. Nilikuwa mtoto, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni tu, cha kusomea Kurani. Kijijini wakaniita Zinjibari. Hawakuniita kwa ubaya, lakini jina hilo lilinikumbusha kila siku kwamba naongea kwa kigugumizi lugha ambayo wenzangu wamenyonya nayo. Nilikua, nikafanya kazi Muscat, nikajifunza kompyuta wakati wazee wengi hapa hawajaigusa, na kwa mlango huo nikaanza kuheshimiwa. Simu ya mtu ikigoma, ataniletea. Fomu ya serikali ikitaka kujazwa kwenye mtandao, nitaitwa mimi.

Kimbunga Gonu kilipopiga Muscat na Sur mwezi Juni 2007, watu wa falaji walianza kuuliza: nyumba ya wakili ikiingia maji, daftari litakuwaje? Lilikuwa la karatasi, kurasa nyingine zimeshaliwa na mchwa. Mjomba wangu, ambaye leo ndiye wakili, akasema mpwa wake ataliandika kwenye kompyuta. Nililiandika lote katika Excel, jina kwa jina, zamu kwa zamu. Kisha nikaongeza safu moja ambayo haikuwemo kwenye karatasi, nikaiita maelezo. Humo niliandika niliyosikia kwa wazee: robo hii ilitoka kwa nani, kwa nini zamu ile inaitwa kwa jina la mwanamke, nani alisafiri na haki yake anaiangalia nani. Wazee watatu walinieleza hayo, na wote wameshatangulia mbele ya haki. Kuanzia hapo mabadiliko yote yaliandikwa kwangu, na kila mwaka, mwezi wa Ramadhani, nilichapa orodha ya zamu ikabandikwa msikitini. Safu ya maelezo sikuichapa. Nilisema karatasi itakuwa pana mno.

Sasa nije kwenye kompyuta.

Tangu zama za Windows XP, kila fundi niliyemjua alikuwa na wasia mmoja: vitu vyako weka D. Diski hugawiwa sehemu mbili, mfumo unakaa C, kazi zako zinakaa D. Kompyuta ikichoka, fundi anapiga windo upya, anafomati C, na D haiguswi. Nimeona hivyo miaka na miaka. XP ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa, Aprili 2014, nilifomati C, D ikabaki. Windows 7 ilipofungiwa Januari 2020, hivyo hivyo. Wasia huo niliusambaza mwenyewe kwa vijana wa hapa na kwa jamaa zangu wa Unguja, na nina hakika msomaji mwenye kompyuta ya mtumba, iwe imetoka Darajani, Kariakoo au Ruwi ya Muscat, amepangiwa hivyo hivyo. Ni wasia mzuri kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini kwa kurudiarudia niliacha kufikiri kwamba C na D ni diski moja. Nikawa naiona D kama mahali pengine, kumbe ni chumba kile kile kilichotiwa ukuta wa mbao katikati.

Windows 10 ilipangiwa kusitishwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, miaka kumi baada ya kutoka. Kwa wiki kadhaa kompyuta yangu ilikuwa ikinikumbusha. Niliinunua Ruwi mwaka 2021 ikiwa imeshatumika ofisini, mashine ya mezani yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, ambacho kwa kawaida ndicho kizazi cha chini kabisa Windows 11 inachokipokea kwa upande wa Intel. Nilipoendesha programu ya kupima ikanijibu haifai. Sababu zilikuwa mbili. TPM, ile sehemu ya kutunzia funguo za siri, ilikuwa imezimwa. Na aliyeiwekea Windows 10 aliiweka kwa njia ya kizamani, BIOS badala ya UEFI, kwa hiyo ile njia salama ya kuwakia ambayo Windows 11 inaidai haikuweza kuwashwa. Vyote viwili vina dawa, na nilizijua.

Lazima niseme pia kwamba haraka ile haikuwa na sababu. Tarehe ikifika kompyuta haizimiki. Inachokosa ni masasisho ya usalama. Na Microsoft wenyewe walishatangaza kwamba mwenye Windows 10 nyumbani anaweza kujiandikisha kupewa masasisho hayo mpaka Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa baadhi ya masharti. Tena daftari la maji halihitaji intaneti hata kidogo. Ningeweza kuichomoa mashine kwenye mtandao, ikabaki na Windows 10 yake miaka, na zamu za falaji zisingepungua dakika. Nilitaka kubadilisha kwa sababu mimi ndiye mtu wa kompyuta wa kijiji, na mtu wa kompyuta hawezi kuonekana na mfumo uliokwisha muda wake. Kweli yenyewe ni hiyo.

Nakala ya daftari ilikuwepo kwenye fleshi ya GB 16. Ilikaa kwenye droo pamoja na pasi zetu za kusafiria. Usiku ule nilihitaji fleshi ya kuwekea faili za Windows 11, na ile programu ya kuitayarisha huonya kwamba kila kilichomo kitafutwa. Maduka yalikuwa yamefungwa. Nikaitoa ya kwenye droo, nikainakili yote kwenye D ili isipotee, nikathibitisha imefika, kisha nikaifanya fleshi ya Windows. Kwa hiyo daftari na nakala yake vikawa folda mbili jirani ndani ya diski moja, nami nikaona nimechukua tahadhari.

Niliingia kwenye BIOS, nikawasha TPM, nikabadilisha njia ya kuwakia ikawa UEFI. Mashine ilipojizima na kuwaka tena ikasema haina diski ya kuwakia. Hilo ni la kawaida: diski iliyopangwa kizamani, kwa jedwali la MBR, UEFI haiwezi kuwakia kutoka humo. Ningerudisha mpangilio wa zamani, Windows 10 ingewaka kama ilivyokuwa. Na kumbe ndani ya Windows 10 yenyewe ipo amri iitwayo mbr2gpt, inabadilisha jedwali hilo likawa jipya, la GPT, bila kugusa faili hata moja. Niliifahamu baadaye. Usiku ule niliwashia fleshi, nikafika pale unapochaguliwa mahali pa kuiweka Windows, nikaambiwa haiwezi kuwekwa kwenye diski hii kwa kuwa jedwali lake ni la MBR.

Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika diskpart, kisha list disk. Ikaleta mistari miwili: Disk 0 na Disk 1.

Mistari hiyo bado naiona. Nilipoiona miwili, akili yangu iliyozoea C na D ikajijibu yenyewe: sufuri ni C, moja ni D. Disk 1 ilikuwa fleshi. Na safu ya ukubwa ilikuwa pale pale, mbele ya macho yangu: ya kwanza GB 476, ya pili GB 14. Diski yangu nzima, C na D pamoja, ndiyo hiyo ya 476. Hata mtoto angejua kwamba C yangu haikuwa kubwa hivyo. Sikuisoma safu ile. Nikachagua Disk 0, nikaandika clean, nikabonyeza. Amri hiyo haiulizi kama una uhakika. Inafuta ramani nzima ya diski na kukujibu kwamba imefaulu. Nikaandika convert gpt, nikarudi, nikaiachia Windows diski yote, nikaenda kuswali isha niliyokuwa nimeichelewesha.

Hata hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Kilichofutwa na clean ni ramani, data yenyewe bado ipo, na programu kama TestDisk huweza kuisoma na kuirudisha ikiwa hujaandika kitu juu yake. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuiweka Windows. Tena diski yenyewe ni SSD, na Windows inapofomati SSD huiambia diski kwamba maeneo yote yale sasa ni matupu, nayo diski huyasafisha kwelikweli. Nilipofika kwenye Windows 11, nzuri, inang'aa, nikafungua kompyuta kutafuta D, haikuwepo. Nilijaribu kila programu ya kuokoa niliyoweza kuipata. Nilirudishiwa vipande vya faili za Windows yenyewe, vingine nimeviweka usiku ule ule.

Sikumwambia mtu. Hata mke wangu nilimwambia nimechoka tu.

Nilikuwa na orodha iliyochapwa Ramadhani, ile ya msikitini. Tangu Ramadhani mpaka Oktoba kulikuwa na msiba mmoja na mirathi yake, mauzo kadhaa, na mnada. Nikakaa mbele ya Windows 11 nikaandika upya orodha ya Ramadhani, kisha nikaanza kukumbuka: fulani aliuza kwa fulani, mirathi ile iligawiwa hivi. Nilipokuwa na hakika niliandika. Nilipokuwa sina hakika niliandika vile vile. Hapana alama yoyote niliyoiweka kutenganisha nilichokijua na nilichokikisia. Nikachapa, nikamwambia arif kwamba nimesafisha orodha kwa kuwa nimepata mfumo mpya, na kwamba ile ya zamani iondolewe msikitini. Nilitaka iondolewe ili isilinganishwe. Hilo nilikusudia.

Kuna mjane hapa kijijini, mtu mzima, ana kishamba cha mitende michache na chini yake hupanda kitunguu thomu kila majira ya baridi yanapokaribia. Kiangazi kile alinunua nusu athar kutoka kwa warithi wa shemeji yake ambao siku hizi wanakaa Muscat. Nilikuwepo waliposhikana mikono. Niliandika mwenyewe. Na nilisahau. Kwenye orodha yangu mpya nusu athar ile ilirudi kwenye jina la wauzaji, na anayekodi maji yao, mtu mwema kabisa, akaona karatasi inampa zamu, akafungua mlango wa mfereji upande wake. Mtoto wa yule mama alipofika usiku na taa, maji yameshachukuliwa. Akasema haya ni yetu. Akaambiwa karatasi haisemi hivyo. Zamu ya pili ikawa vile vile, na ya baada yake. Thomu ni kitu kidogo na mizizi yake haiendi mbali; ikikosa maji mwanzoni inageuka manjano kuanzia ncha, kisha inalala. Tuta zima lilikauka.

Kijana alikuja kushtaki sabla, kwenye baraza la kijiji, mbele ya watu wanakunywa kahawa, nami nimekaa. Alieleza kwa utaratibu, hakupandisha sauti. Mtu mmoja akasema karatasi ya Zinjibari haijawahi kukosea tangu ianze. Mwingine akamwuliza kijana kama ana hakika mama yake hakukosea, maana ni mtu mzima. Wote wakanigeukia. Na mimi nikasema, "Nitaangalia kwenye kompyuta."

Kwenye kompyuta hakukuwa na kitu cha kuangalia. Nililijua hilo wakati nalisema. Kijana aliondoka akiwa amehesabiwa mwongo, na aliyempa uongo huo ni mimi, kwa maneno matatu, na kwa heshima niliyokuwa nimeijenga miaka yote ile. Nikipima kati ya usiku wa diski na mchana ule wa sabla, usiku wa diski naweza kuuita uzembe. Mchana wa sabla sina jina jingine la kuupa ila dhulma.

Nilirudi nyumbani nikawasha mashine nikaitazama. Mke wangu alisimama nyuma yangu kwa muda, kisha akasema, "Baba Nasra, wiki ya ngapi hii unafungua unafunga. Unatafuta nini humo?" Nikamwambia. Hakunilaumu. Aliniuliza kitu kimoja tu: mjomba anajua?

Nilimkuta mjomba barazani, anachambua tende. Naye alikulia Unguja, na mimi na yeye tukiwa wawili tunaongea Kiswahili.

"Mjomba, daftari limefutika."

"Limefutika, au umelifuta?"

"Nimelifuta."

Akaweka sahani chini. "Na hii karatasi iliyoko msikitini?"

"Nimeiandika kwa kichwa."

Alikaa kimya, halafu akasimama akatafuta makubadhi yake. Nikadhani tunakwenda sabla, nikaanza kusema nitawaeleza vipi. "Sabla baadaye," akasema. "Kwanza twende kwa mama wa watu, mwanangu."

Yule mama alitupokea ukumbini, na mwanawe yupo. Nilieleza kwa Kiarabu changu, na safari hii kigugumizi hakikunishughulisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kuhusu kompyuta, diski wala Windows. Aliniuliza kwa nini nilikaa kimya mwanawe alipokuwa akiambiwa mamake amezeeka akili. Nilitafuta jibu la kumpa, nikaona kila nililonalo ni la kujikinga, nikamwambia sina jibu, nimekosa, naomba radhi yake na ya mwanawe. Alisema radhi ya mwanawe niombe pale pale alipovunjiwa heshima.

Nikaiomba radhi hiyo pale sabla, usiku ule ule, watu wamejaa. Nilimtaja kijana kwa jina na kusema alisema kweli, mimi ndiye niliyeficha. Wapo walionifokea, na walikuwa na haki. Mzee mmoja aliuliza ni zamu ngapi nyingine nimezikisia, na hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote, kwa sababu sikuweza kulijibu. Athar moja niliyorithi kwa mama yangu nimempa yule mama aitumie msimu mzima. Alipanda thomu tena, kwa kuchelewa, na mazao ya kuchelewa huwa na vichwa vidogo.

Kulijenga daftari upya kumefanywa na wengine kuliko mimi. Dalali alikuwa na vijitabu vyake vya mnada, ameviandika kwa kalamu ya risasi na kuvihifadhi kwenye kopo la biskuti, na hesabu zake zilikuwa safi. Kijana mmoja alipekua simu yake akapata picha ya orodha iliyobandikwa msikitini mwaka uliotangulia. Aliipiga ili amtumie baba yake kwa WhatsApp. Watu walileta hati za mauziano kutoka masandukuni. Tulikaa sabla tukisoma kila zamu kwa sauti, na mwenye pingamizi akasema. Karibu zamu zote zimethibitishwa kwa njia hiyo. Sasa daftari analiandika mwalimu wa hesabu wa hapa, binti aliyesomea Nizwa, kwa kompyuta yake. Kila mabadiliko yakiandikwa huchapwa na kusainiwa na wakili, diski ya nje yenye nakala inakaa nyumba nyingine, na nakala ya pili iko kwa mtu wetu Sumail, ili wadi ikija au mtu akikosea, visipotee pamoja. Mimi nasoma tu. Windows 11 ninayo mpaka leo, inafanya kazi vizuri, na mashine ilistahili kuongezewa miaka.

Ambacho hakikurudi ni safu ya maelezo. Haikuchapwa, haikupigwa picha, na walionieleza wamekufa. Humo ndimo zilimokuwa habari za waliosafiri. Falaji yetu, kama nyingi za bara ya Oman, ina wenye haki waliovuka bahari kabla sijazaliwa, wakaishia Unguja na Pemba, Mombasa, Tabora, Ujiji, wengine mpaka Bujumbura. Hawakuuza maji yao. Waliyaacha kwa ndugu, yakawa yanakodishwa mnadani, na fungu lao likawekwa kando kwa miaka mingi kwa ajili ya watakaorudi kuliuliza. Kwenye vitabu vya karatasi vya zamani haki hizo zimeandikwa kwa mkato: robo, wa Zinjibar, nusu, wa Sawahil. Ni kwenye safu yangu tu ndimo ilimoandikwa huyo wa Zinjibar ni nani hasa, alizaa na nani, watoto wake walionekana mwisho mji gani. Sasa tuna maji ya watu, na pesa za watu, na hatujui tuwape nani.

Kwa hiyo nawaomba wenye asili ya Bidbid na vijiji vyake mlioko Tanzania, Kenya, Burundi na kwingineko. Fungueni masanduku ya wazee. Barua ya zamani ya Kiarabu inayotaja falaji, athar, au jina la kijiji hiki, hata kama hamuwezi kuisoma, msiitupe. Ipigeni picha, pande zote mbili za karatasi, na wino uliopauka upigwe juani ili maandishi yaonekane. Mpeni jamaa yenu yeyote aliyepo huku aipeleke kwa wakili, naye ataisoma mbele ya watu. Muulizeni bibi aliyebaki jina la babu yake na jina la baba wa huyo babu. Na karatasi ya asili, mkishaipiga picha, bakini nayo nyinyi wenyewe. Msinitumie mimi karatasi yenyewe.